Sura ya Tano: Uzi kutoka Unguja hadi Nyangwe

Chukua uzi wa kushonea kofia na tufe la dunia la darasani, lile la kipenyo cha sentimita 30, hata kama limepauka na bahari zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bana ncha moja ya uzi juu ya Unguja kwa kidole gumba. Uuvute kuelekea machweo, uvuke Ziwa Tanganyika, uingie Kongo, mpaka uukute mto Lualaba kusini mwa jimbo la Maniema. Hapo, ukingo wa mashariki, si mbali na Kasongo, ndipo ilipo Nyangwe. Kaza uzi, kisha upime. Ni kama sentimita tatu na nusu, na vidole viwili vinaufunika wote.

Sura hii nzima imo ndani ya vidole viwili hivyo. Tuanze na hesabu, maana ndiyo sehemu nyepesi.

Walimu wetu wa jiografia huziita digrii za ramani “nyuzi”, na hapa jina limekaa mahali pake. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, uko nyuzi 6 na dakika 13 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 39 na dakika 13 mashariki. Nyangwe iko nyuzi 4 na dakika 13 kusini, nyuzi 26 na dakika 11 mashariki. Kwa hiyo unapanda nyuzi 2 kuelekea Ikweta na unakwenda nyuzi 13 magharibi. Katika sehemu hizi za dunia kila uzi ni kama kilomita 111, uwe wa kwenda kaskazini au magharibi. Ukiingiza namba hizo kwenye kanuni ya Pythagoras unapata karibu kilomita 1,460. Rubani atakwambia ni maili 790 za baharini, kwa sababu maili moja ya baharini ni dakika moja ya uzi, yaani mita 1,852. Kipimo hicho marubani walikirithi kwa manahodha pamoja na mengine mengi, kuanzia kofia hadi lile neno la kapteni.

Usijaribu hesabu hii ya shuleni kwa safari ya Dubai hadi Los Angeles, itakuaibisha. Kwenye ramani ya ukutani mkono wako utachora mstari wa kupita Afrika Kaskazini na bahari ya Atlantiki, ilhali ndege yenyewe inapanda juu kuelekea Ncha ya Kaskazini, inashuka kupitia Kanada, na inamaliza kilomita 13,400 kwa saa 16 hivi. Dunia ni mviringo, na ramani ya karatasi imebanduliwa kama ganda la chungwa na kulazimishwa kulala. Sisi wa karibu na Ikweta tumebahatika: kwetu ganda halijavutwa sana, na mstari wa rula ndio karibu mstari wa kweli. Hata upepo hautusumbui. Kule juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mto wa upepo unaovuma kutoka magharibi, ndiyo maana kutoka London kwenda New York kunachukua kama saa moja zaidi kuliko kurudi. Juu ya Maniema mto huo haupo.

Basi muda wa ndege ni rahisi kukisia. Ndege ya abiria ya jeti, ikishatulia juu, inakwenda kilomita 800 kwa saa au zaidi kidogo. Gawa 1,460 kwa 800, unapata saa moja na dakika 50. Ongeza nusu saa ya kujikokota kwenye lami, kupanda na kushuka, maana mashirika huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama kabisa, si ile sehemu ya raha tu. Jumla ni saa mbili na dakika 20. Ukiondoka Unguja saa nne asubuhi, utashuka saa tano na dakika 20 kwa saa ya huko, kwa kuwa mashariki ya Kongo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Muda huo unatosha kunywa juisi, kusinzia, na kugombea na jirani ile sehemu moja ya kuwekea kiwiko.

Ila ndege hiyo haipo. Nyangwe haina uwanja wa ndege. Kasongo, kilomita 60 hivi kutoka hapo, ina kiwanja kidogo cha ndege ndogo. Kindu, makao makuu ya jimbo, ina njia ya kurukia inayozidi kilomita mbili, lakini hakuna ndege inayotoka Unguja kwenda kutua hapo. Jambo hili lingekuwa la kawaida tu, maana miji isiyo na ndege ni mingi, kama Nyangwe isingekuwa na historia yake. Miaka 150 iliyopita mji huu uliangalia Unguja. Unguja ndiko kulikotoka nguo, shanga na bunduki zake, ndiko zilikokwenda pembe zake, na ndiko ilikotoka lugha ambayo watu wa Kasongo na Kabambare wanaizungumza mpaka leo. Njia ilikuwepo, ikitembewa kila mwaka, na karibu yote ilifuata uzi wetu.

*

Njia hiyo ilianza Bagamoyo. Msafara ulipanda hadi Tabora, ukashuka Ujiji, ukavuka Ziwa Tanganyika kwa mashua hadi Mtowa upande wa pili, ukapita Kabambare, Kasongo, na mwisho Nyangwe. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, begani au kichwani. (Leo mezani kwa shirika la ndege wanakuruhusu begi la kilo 23 na unalalamika.) Hakuna aliyehesabu njia hiyo kwa maili. Waliihesabu kwa mwendo na kambi: kutoka hapa mpaka pale ni siku tano, na mvua ikinyesha ni siku nane. Manahodha wa Bahari ya Hindi nao walikuwa hivyo hivyo. Kipimo chao cha umbali, zam, kilikuwa saa tatu za kusafiri kwa tanga, na aliyekwenda polepole aliambiwa umbali uleule kwa idadi kubwa zaidi.

Mkataba mmoja unaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Maniema akitaka kuufuata Lualaba mpaka unakoishia, na akamwomba Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule mfanyabiashara wa misafara aitwaye Tippu Tip, amsindikize na watu wake. Walipatana riale 5,000. Kwa umbali gani? Safari 60, kila safari mwendo wa saa nne. Hakuna kilomita wala jina la mji wa kufikia, na wasingeweza kuandika vingine, kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua mto unakwenda wapi. Waliuziana saa 240 za miguu. Tarehe 5 Novemba waliondoka Nyangwe wakaingia msitu wa Mitamba, na humo saa nne za kutembea zikawa na urefu mwingine kabisa kuliko saa nne za mbugani. Safari 60 hazikutimia. Mwishoni mwa Desemba Tippu Tip aligeuza.

Stanley aliendelea na mto, akatokeza Boma, karibu na Atlantiki, tarehe 9 Agosti 1877. Tangu alipotoka Bagamoyo zilikuwa siku 996, ingawa humo kuna miezi ya kuzunguka Ziwa Victoria na Tanganyika. Rudi sasa kwenye tufe, uufungue uzi kwenye kidole gumba, uuzungushe kama bikari na Nyangwe iwe katikati. Ncha iliyokuwa Unguja itaangukia karibu na Boma. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia: Unguja hadi Nyangwe kilomita 1,460, Nyangwe hadi Boma kilomita 1,466. Wafanyabiashara wa miaka ya 1860 waliojenga kituo chao pale hawakuwa na habari kwamba wamesimama katikati ya bara, sawa na mtu aliyesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje.

David Livingstone naye alikaa Nyangwe, tangu Machi 1871, akingoja mtumbwi ambao hakuna aliyetaka kumpa. Yeye aliamini Lualaba ni Nile. (Verney Lovett Cameron alifika miaka mitatu baadaye, akapima mwinuko wa mto pale, akakuta uko chini kuliko Nile kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima, na hoja ikaisha hapo.) Nyangwe ilikuwa na soko ambalo wanawake kwa maelfu walilijia kwa mitumbwi, na samaki, vyungu, mihogo na mafuta. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Waliouawa kwa risasi na waliozama mtoni wakikimbia walikadiriwa kufikia 400. Livingstone alikuwepo, akaandika.

Siku tano baadaye aliondoka kurudi Ujiji. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 400 kasoro kidogo, kwa jeti hata saa moja kamili haifiki. Alifika tarehe 23 Oktoba, baada ya siku 95, mgonjwa na mikono mitupu. Daftari lake lilibaki naye Ujiji mpaka Stanley, katika safari yake ya awali, alipomkuta huko, na barua zake zilifika pwani mkononi mwa Stanley mnamo Mei 1872. Zilipofika London zilitia moto shinikizo lililokuwa likipanda tayari, na Juni 5, 1873, Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Kutoka mlio wa bunduki hadi saini ilikuwa karibu miaka miwili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasi ya habari kwenye vidole vyetu viwili, na habari haibebi hata frasila moja.

*

Sasa tazama jambo lililotokea mwaka 1887, ambalo mimi naliona kuwa ndilo fundo la uzi huu.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa amejitwalia Kongo kwenye makaratasi, lakini huku juu wenye nguvu walikuwa Tippu Tip na wenzake. Stanley akaja Unguja na pendekezo: Tippu Tip awe wali wa Dola ya Kongo kwenye Maporomoko ya Stanley, ambako leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akakubali. Sasa wali mpya aendeje kazini? Njia ya bara aliijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai. Lakini yeye na Stanley walipanda meli iitwayo Madura, wakang'oa nanga Unguja tarehe 25 Februari 1887, wakateremka pwani yote ya mashariki, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakapanda pwani ya magharibi, na tarehe 18 Machi wakaingia Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo. Siku 21. Kutoka hapo walipanda mto, na Juni Tippu Tip akawa kwenye kituo chake.

Alizunguka nusu ya bara ili aingie nyumbani kwake kwa mlango wa uani. Na alikuwa amepata: miezi isiyotimia minne badala ya mwaka au zaidi. Kwa mara ya kwanza njia ndefu ikawa ndiyo njia fupi, kwa sababu moshi ulikuwa upande wa magharibi na miguu ilikuwa upande wa mashariki. Aliporudi Unguja alishika njia ya bara, akafika mwaka 1891. Hakurudi tena Maniema.

Miaka miwili baadaye mlango wa mbele ulizibwa. Majeshi ya Leopold chini ya Francis Dhanis yaliiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na Rumaliza, mmoja wa wenzake Tippu Tip, akakimbilia ng'ambo ya ziwa. Tangu siku hiyo pembe za Maniema hazikwenda tena Bagamoyo. Zilishuka na mto kwenda Boma na Matadi, kisha Antwerp. Nyangwe haikusogea hata hatua moja, ila nyumba iliyojengwa ikitazama mashariki sasa ilifunguliwa kwa nyuma.

Sitaki kutia chumvi: mlango wa mbele haukuzibwa kwa matofali. Mwishoni mwa 1910 reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1915 Wabelgiji wakafikisha yao ziwani, kule Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Tangu hapo mtu aliweza kutoka Dar hadi Kindu kwa treni, meli, treni, mashua na treni tena, na baada ya vita Wabelgiji walipewa gati zao Kigoma na Dar ili wapitishe shehena. Lakini shehena ilikuwa hiyo, ya shaba na mashine. Watu na mihuri vilitazama Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa.

Kuna kisa kidogo cha wakati huo ninachokipenda. Mwaka 1916 Wabelgiji walitaka ndege za kuipiga meli ya Wajerumani kule Kigoma, ile Graf von Götzen ambayo leo ni Liemba. Waingereza wakawapa ndege nne za kutua majini. Ziliteremshwa mdomoni mwa mto Kongo zikiwa vipande kwenye masanduku, zikapanda mto na reli, reli na mto, zikapita Kindu, zikapita Kongolo, mpaka kwenye kiziwa karibu na Mtowa, palepale misafara ya Ujiji ilipokuwa ikitia nanga. Zikafungwa, zikaruka. Kwa hiyo ndege zile ziliivuka Maniema kwa treni, zimelala ubavu, zikisafirishwa kama magunia ya chumvi.

Miaka tisa baadaye rubani wa Kibelgiji, Edmond Thieffry, aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville. Aliondoka Februari 12, akafika Aprili 3, 1925: siku 51. Katika siku hizo alikuwa angani saa 75 tu. Zilizobaki alikuwa chini, akingoja propela, akingoja hali ya hewa, akingoja fundi. Namba hizo mbili, saa 75 na siku 51, ningependa ziandikwe ukutani katika kila ofisi inayouza tiketi.

*

Basi leo. Tuseme upo Unguja na una jambo Nyangwe, msiba au arusi. Goma, iliyo kilomita 400 tu kutoka Kindu, ilikuwa njia ya mkato, lakini uwanja wake ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipotekwa na waasi wa M23. Njia kuu iliyobaki ni Kinshasa. Unaruka Unguja hadi Nairobi, kilomita 600. Nairobi hadi Kinshasa, kilomita 2,410. Kinshasa hadi Kindu, kilomita 1,170, unarudi mashariki. Kisha kilomita 190 za mstari hadi Kasongo, ambazo barabarani ni zaidi, na 60 za mwisho hadi Nyangwe. Jumlisha: zaidi ya kilomita 4,400, mara tatu ya uzi wetu. Saa za angani peke yake, kwa kanuni ile ya 800 na nusu saa, ni karibu saa saba. Saa ya mkononi unairudisha nyuma saa mbili kwa ajili ya Kinshasa, halafu unairudishia moja ukifika Kindu, kama mtu aliyekopeshwa asichokihitaji.

Hapo katikati kuna kituko, na ndicho kilichonifanya niandike sura hii. Chukua uzi tena, uukaze kati ya uwanja wa Nairobi na uwanja wa Kinshasa. Unapita wapi? Juu ya Kindu. Sisemi karibu na Kindu kwa lugha ya wachora ramani, ambao kwao kilomita 50 ni karibu. Nimekokotoa kwa kanuni ya mduara mkuu, na mstari unapita chini ya kilomita 3 kutoka kwenye njia ya kurukia ya Kindu. Ndege haifuati uzi kwa usahihi huo, ina njia zake za angani na mawingu ya kukwepa, lakini hesabu yenyewe ndiyo hiyo.

Kwa hiyo, saa moja na dakika 40 hivi baada ya kuruka Nairobi, mwendo wa Kindu unakuwa umekwisha. Umefika, ila uko kilomita 11 juu yake. Kama una kiti cha dirishani upande wa kushoto na hakuna mawingu, ambalo ni ombi kubwa juu ya Kongo, angalia chini: ule utepe wa kahawia ni Lualaba. Ufuate kwa macho kuelekea kusini. Kutoka kimo hicho upeo wa macho uko kilomita 370, na Nyangwe iko kilomita 150 tu. Imo ndani ya dirisha lako, mahali fulani kwenye ukungu. Mhudumu anapita na kuuliza kuku au samaki. Unachagua kuku. Mto unapotea nyuma ya bawa, na una saa moja na nusu zaidi ya kwenda mbali na unakokwenda, kisha foleni ya muhuri, usiku mmoja Kinshasa, na asubuhi saa mbili nyingine za kurudi palepale ulipokuwa jana mchana ukila.

Hakuna mwovu katika kisa hiki. Ndege hutua palipo na forodha, uhamiaji, mafuta, na abiria wa kutosha kulipia mafuta hayo. Ndege ya kimataifa ni lazima iingie nchi kwa mlango wenye mlinzi, na mlinzi mkuu wa Kongo amewekwa upande ule Madura ilikotia nanga. Mipaka ya Leopold ya 1885 na vita vyake vya 1893 vimo kwenye tiketi yako, havikuandikwa tu.

Kutoka Kindu kwenda Kasongo kuna ndege ndogo za misaada, si za kila mtu. Nyingi za aina hiyo katika Kongo ni zile za injini moja, bawa juu, zinazobeba watu wasiozidi kumi na wawili hivi, na kiwanda cha Cessna kiliipa ndege hiyo jina la Caravan, yaani msafara. Jina limerudi kwenye njia yake bila kujua. Caravan inakwenda kilomita 340 kwa saa, kwa hiyo ingemaliza Unguja hadi Nyangwe kwa saa nne na robo, ambazo ni karibu sawa na safari moja ya mkataba wa Tippu Tip. Kabla hujapanda wanapima mizigo, kisha wanakupima na wewe. Unasimama kwenye mizani na mkoba mkononi, mbele ya watu wote, na kijana anaandika namba yako kwenye karatasi bila kukutazama usoni. Bibi mmoja mnene anaposhuka mizanini watu wanakohoa. Ndege ndogo haina adabu: kilo 90 za profesa na kilo 90 za sabuni kwake ni kitu kimoja.

Usipopata kiti humo, unabaki na ardhi. Uwanja wa Kindu uko ukingo wa magharibi, na barabara ya Kasongo inaanzia Alunguli, ukingo wa mashariki, kwa hiyo kwanza unavuka Lualaba. Hapo, kwenye mtumbwi, baada ya ndege tatu, kasi yako ni ile ya mkono wa mpiga kasia. Jua linazama. Lilikwisha kuzama Unguja karibu dakika 50 zilizopita, maana nyuzi 13 kwa jua ni dakika 52. Watu wa mitaa ya Malindi na Ng'ambo wamekwisha kuswali magharibi, na huku adhana ndiyo kwanza inaanza. Uzi wetu wa kilomita 1,460 jua limeupita kwa muda huo bila kupitia Kinshasa.

Upande wa pili asubuhi wanakungoja vijana wa pikipiki. Muulize mmoja Kasongo ni kilomita ngapi. Hatakutajia kilomita. Ataangalia mawingu, kisha tairi lake la nyuma.

“Papa, kama mvula hainyeshe, tutafika leo. Kama inanyesha, tutalala mu njia.”

Halafu analinyanyua begi lako kwa mkono mmoja, analipima hewani mara mbili, anauliza kuna nini ndani, na kuanza kulifunga nyuma ya kiti kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori.